Nani Anakuhesabu Asubuhi?

Haya niliyasema Jumamosi pale Wobulenzi, Uganda, mbele ya askari wanaokaribia kutoka jeshini, na wake zao, na wazee wa kijiji. Kijana mmoja alikuwa anarekodi kwa simu akaniomba niyaandike, nikaona sawa. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni, pale nilipopotea nimepotea.

Maafande, wazee wangu, akina mama, mwenyekiti wa baraza la kijiji LC1, sheikh na mchungaji mliokaa benchi moja, asanteni sana. Nimeambiwa nina nusu saa. Jeshini nusu saa ni nusu saa, huku uraiani ni kitu kingine, lakini nitajaribu.

Naanza na asubuhi yangu ya kwanza. Nilitumika miaka 21, Mogadishu nimeenda mara mbili, nikatoka salama, miguu miwili mikono miwili, nikashukuru Mungu. Usiku wa kwanza nimelala nyumbani kwangu, kitanda changu, mke wangu pembeni, saa kumi na moja alfajiri macho yakafunguka yenyewe kama mtu kaniita. Hakuna filimbi. Nikavaa, nikafunga kamba za viatu, nikatoka uani nikasimama. Kuna kuku, kuna ndoo, kuna giza bas. Nikasimama vile mpaka jua likatoka. Mama watoto akafungua dirisha akaniuliza, "Sasa wewe unangoja nani?" Nikakosa jibu bwana, mtu mzima nikakosa jibu.

Kesho yake hivo hivo, kesho kutwa hivo hivo. Wiki ya tatu sikusimama tena uani kwa sababu nilikuwa nimeshajua sehemu moja inayofungua mapema, kwa mama mmoja anayeuza pombe ya waragi kule nyuma ya soko, saa moja asubuhi benchi lake limeshajaa. Siku ile nilikuta watu saba, na kati ya hao saba wanne walikuwa maveterani. Nataka akina mama mnisikie vizuri hapa, wale wanne hawakuwa walevi walipotoka jeshini, mmoja alikuwa muislamu wa swala tano. Walikuwa wanatafuta mahali pa kuripoti.

Nilikuja kuelewa baadaye sana, na ndiyo kitu kimoja tu nilichokuja kuwaambia leo. Jeshini unahesabiwa. Kila asubuhi, mvua ije jua liwake, una malaria huna malaria, kuna mtu anapita mbele yako anahesabu, na ukikosekana kuna mtu analazimika kujua uko wapi. Tulikuwa tunaichukia ile hesabu, tunaitukana kabisa. Halafu siku unatoka, wenzako kesho yake wanahesabiwa bila wewe, namba yako anasimama mwingine, na huku nyumbani hakuna anayehesabu mtu. Unaweza kulala siku tatu hujatoka ndani, jirani akadhani umeenda Kampala.

Sasa angalieni msaada ambao huwa tunawapa watu wanaotoka vitani, sio leo tu, tangu zamani. Kuna babu yangu mzaa mama, yeye alikuwa Keya, askari wa King's African Rifles ya Mwingereza, wale wa vita kubwa ya Mjerumani waliopelekwa mpaka Bama, yaani Burma, kupigana na Mjapani msituni. Baganda waliwaita abaseveni, kutokana na ile batalioni ya saba. Babu alirudi na koti kubwa la jeshi, zito, la baridi, nalo sisi kwetu baridi yenyewe iko wapi. Kila asubuhi alikuwa analivaa anafunga vifungo vyote anaenda kukaa chini ya mwembe kando ya barabara mpaka saa tatu, kisha analivua anaenda shamba. Sisi watoto tulikuwa tunamcheka, watu wakasema mzee anaringa na koti la Mzungu. Amekufa zamani, na mimi juzi juzi ndiyo nimeelewa yule mzee alikuwa anafanya nini pale chini ya mwembe.

Nenda mwaka 1992. Wakati ule NRA, jeshi la Museveni, ilikuwa imevimba, vita ya msituni ilikuwa imeisha 1986, na kila kundi lililojisalimisha lilikuwa limeingizwa jeshini, basi serikali na wafadhili wakasema punguzeni. Ikaundwa bodi ya kusaidia maveterani, ile ya UVAB, na kati ya 1992 na 1995 wakatolewa zaidi ya watu 36,000 kwa awamu tatu. Hapa wapo wazee wawili watatu waliopunguzwa wakati huo, nawaona wanatikisa kichwa. Mlipewa pesa, mlipewa mabati, mbegu, jembe, na ada za shule za watoto zikalipwa kwa muda. Mimi sisemi ilikuwa vibaya, nchi ilikuwa maskini na wengine wengi Afrika hawakupewa hata msumari. Na kazi ile watu wa nje walikuja kuisoma, mchumi mmoja Muingereza anaitwa Paul Collier aliandika mwaka 1994 kwamba watu walikuwa wanaogopa maveterani watarudi vijijini waibe, na haikuwa hivyo kwa wengi, ila wale waliorudi hawana ardhi ya kulima ndiyo walionekana kwenye makosa kuliko wenzao. Wasomi watasema ni mambo ya uchumi. Mimi naona pia kitu kingine, yule mwenye shamba alikuwa na pa kwenda asubuhi.

Halafu ikaja sheria ya msamaha ya mwaka 2000, ya wale waliokuwa upande wa pili, waasi wa Kony na wengine. Najua hapa wapo watu hawapendi nikiwataja hao pamoja na sisi, na mimi nimepigana nao nina haki ya kuongea. Zaidi ya watu 26,000 walipata ule msamaha, na waliopewa kifurushi walipewa shilingi 263,000, godoro, blanketi, sufuria, jembe, panga, mbegu. Sasa wekeni kifurushi cha 1992 na hiki pembeni pembeni, utaona mkono ni ule ule. Tunampa mtu kitu siku moja, tunapiga picha, tunaondoka. Shida yake yeye inaanza kesho yake saa kumi na moja alfajiri na inarudi kila siku.

Waacholi wa kaskazini wao walifanya kitu ambacho hakiko kwenye kifurushi chochote. Mtu akirudi kutoka msituni wanaweka yai chini, analikanyaga, ndiyo anaingia nyumbani, na ukoo mzima umesimama unaangalia. Kuna watu wa dini hapa hawapendi mambo haya, sheikh nakuona, sawa, tusibishane kuhusu yai. Mimi ninachotazama ni wale waliosimama. Mtu amerudi na watu wote wameona amerudi, hawezi kuwa mgeni kimya kimya ndani ya nyumba yake.

Na hapa jirani tu tuna Bombo. Wanubi wa Bombo wanatokana na nani? Askari. Mwaka 1891 Mwingereza Lugard aliwakuta kule Kavalli kando ya Ziwa Albert, askari wa Kisudani waliobaki baada ya gavana wao Emin Pasha kuondoka, akawachukua na familia zao. Wakapigana vita vya Mwingereza, mwaka 1897 wakaasi, mambo mengi, lakini mwisho wa yote walikaa pamoja, jirani kwa jirani, lugha yao, msikiti wao, akina mama wanasuka vikapu hadi leo. Mnubi akistaafu alikuwa hapotei kwa sababu alikuwa anastaafu kwenda kwa watu waliojua jeshi ni nini, asipoonekana alfajiri msikitini watu wanauliza. Sisi wengine tunastaafu kwenda kijiji ambacho wanatujua kwa jina la baba tu.

Niseme kuhusu pesa sasa, maana mnangoja hiyo.

Ile pesa ya mkupuo ikiingia, utapata ndugu ambao hukuwahi kuzaliwa nao. Mimi siku tatu baada ya pesa kuingia nilipigiwa simu na watu ambao hata sijui walipata wapi namba. Mpwa ana biashara ya simu Kampala, rafiki anajua mtu anauza taksi, hali nzuri, injini haijaguswa. Niliinunua. Eh, niliinunua! Ile taksi ilifanya kazi wiki sita, kisha ikafanya kazi ya kukaa gereji, dereva ananiletea hesabu ya vipuri kila jioni na mimi natoa, kwa sababu nilikuwa nimezoea kwamba gari likiharibika jeshini kuna mtu wa magari na sio mimi. Mtu ambaye chakula chake, nyumba yake, sare zake, dawa zake, gari lake, vyote kwa miaka 20 vimepangwa na mtu mwingine, unampa mamilioni asubuhi moja unamwambia kapange. Hata Mogadishu, pale tulipokuwa tunapata karibu dola 800 kwa mwezi, pesa ilikuwa inakaa nyumbani unaisikia tu kwenye simu, wewe uko kwenye handaki huna hata duka la kuitumia.

Kwa hiyo mimi nawaambia ndugu zangu mnaotoka, miezi sita msiiguse ile pesa kubwa. Miezi sita. Kula ya kila mwezi, ile kubwa iache benki, waambie ndugu haijaingia, Mungu atasamehe. Ndani ya miezi sita wale wa taksi watakuwa wamepata mtu mwingine.

Na ukinunua ardhi usinunue kwa uso wa mtu. Hapa Luweero mnajua, kuna kibanja, haki ya mpangaji kukaa na kulima, na kuna mailo, ardhi ya mwenye hati, unaweza kununua kibanja kwa mtu halafu mwenye ardhi hajui kama upo, baada ya miaka miwili anatokea na hati. Nenda ofisi ya ardhi Bukalasa ukaangalie hati ni ya nani na kama kuna mkopo juu yake. Barua ya LC peke yake haitoshi, mwenyekiti usinikasirikie. Kama ni kibanja nenda kwa mwenye ardhi umuone kwa macho, akutambue, ulipe busuulu, kodi yake ya mwaka, upewe risiti, na siku ya kupima waite majirani wote wa mipakani wasimame pale. Na kama ni ardhi ya familia, Sheria ya Ardhi ya 1998 inataka mke au mume akubali kabla ya kuuza, basi ukimuona muuzaji anasema mke wangu hayupo lakini amekubali, geuka nyuma utembee. Kuna mwenzetu hapa alilipa kiwanja kimoja ambacho kilikuwa kimeuzwa kwa watu watatu, wote watatu maveterani, walikutana siku ya kuchimba msingi. Leo tunacheka, siku ile nusura watoane roho.

Akina mama. Hii nataka niiongee polepole.

Mwanamke wa askari ameongoza ile nyumba miaka yote peke yake. Amezaa peke yake, amezika mama mkwe peke yake, anajua mtoto yupi anadanganya na mwalimu yupi anachelewa, halafu siku moja anarudi mwanaume na sanduku la bati anaanza kutoa amri. Mimi nilikagua jiko. Kweli kabisa, wiki ya kwanza niliingia jikoni nikauliza kwa nini sufuria hazijapangwa kwa ukubwa, na yule mwanamke akaniangalia akaweka kisu chini taratibu akasema, "Afande, hapa jikoni kulikuwa na afande kabla hujaja." Nikatoka. Ile ndiyo ilikuwa kwata ngumu kuliko zote nilizowahi kupigwa.

Kwa hiyo wakati watu wanaandaa semina za wanaostaafu, wanaita mwanaume peke yake wanamfundisha biashara, nikaona wanakosea mlango. Iteni mke, au mume kama aliyekuwa jeshini ni mwanamke, maana tuna dada zetu pia wamebeba bunduki na wakirudi kijijini wanasemwa vibaya kuliko sisi. Mwiteni mapema, mwaka mmoja kabla. Yeye ndiye anajua nyumba inahitaji nini, na pesa isitoke benki bila yeye kujua. Najua wengine hapa mmenuna. Nuneni tu.

Halafu kuna hii lugha yetu. Sisi tunaongea Kiswahili hapa leo tunajisikia nyumbani, lakini mnajua Buganda huku wazee wengi wakisikia Kiswahili usiku wanakumbuka roadbloku za wakati wa Amin na wa Obote, wanakumbuka kupigwa. Kwao ni lugha ya kuulizwa kitambulisho. Sasa wewe umetoka jeshini, umezoea kuongea kwa sauti ya uwanjani, unamwita mtoto wako "njoo hapa!" na nyumba tatu za jirani zinafunga milango. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa anajificha chini ya meza nikiingia. Nikajifunza kuongea chini. Haikuwa rahisi, masikio yangu yenyewe yameharibika na milipuko ya mota, sijisikii nikiongea.

Na hapo tunaingia kwenye jambo la kichwa. Sitaki kupita haraka.

Tuna kikundi chetu, tuko 14, tunalima mananasi. Ardhi tumekodi ekari tatu. Nanasi ukipanda chipukizi leo linakutaka usubiri mwaka mmoja na nusu hivi ndiyo ule, watu walituambia maveterani hamna uvumilivu huo, mtakimbia. Hatujakimbia, na sababu sio nanasi. Sababu ni kwamba saa moja asubuhi tunahesabiana. Hatuna filimbi, kuna mwenzetu mmoja ana daftari la shule, anaandika jina, tik, jina, tik. Kisha tunapalilia, tunatandaza makapi ya kahawa, saa nne tunakunywa chai na mihogo, mtu anaenda zake. Ukikosa siku moja hakuna neno. Ukikosa ya pili bila kusema, watu wawili wanakuja kwako siku hiyo hiyo, sio kesho, na hawapigi simu kwanza.

Sheria hiyo tuliitunga kama mzaha. Lakini kuna mwenzetu, jina naliacha, alikosa siku mbili, wakaenda wawili wakamkuta amekaa kitandani amefunga mlango, mapazia yamefungwa, ana panga mapajani, hajala tangu jana yake, anasema wanakuja. Nani wanakuja? Hasemi. Mke amekimbilia kwa mama yake na watoto. Wale wawili hawakumnyang'anya panga, nawasifu mpaka leo. Mmoja alikaa chini sakafuni kando ya mlango akasema tu, "Zamu yangu hii, wewe lala." Alilala saa tisa mfululizo. Mwenzake alikaa pale na kuogopa saa tisa.

Huyo mtu ametibiwa. Kitu hicho kina jina na kina dawa, ni mshtuko wa vita, sio uchawi na sio kwamba mtu ni mwoga. Waacholi wanasema ni cen, mizimu ya waliokufa inamfuata mtu, na mimi siwacheki, kwa sababu mtu aliyeona anachokiona usiku hana neno jingine. Lakini sheikh na mchungaji nawaomba kwa heshima, mwombeeni, msomeeni, kisha mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, vyote viwili vinaweza kwenda pamoja. Watu wanaogopa kwa sababu wanadhani ni lazima Butabika, ile hospitali kubwa ya akili ya Kampala, na Butabika tangu ijengwe miaka ya 1950 jina lake limekuwa tusi, watoto wanatukanana nalo. Hospitali za rufaa za mikoa, kama Mubende, kama Gulu, zina kitengo cha akili, unakwenda, unaongea, unapewa dawa, unarudi nyumbani ukale posho na maharage. Dalili mnazijua nyie wake zao kuliko daktari: halali, analala na viatu, anakaa lazima aangalie mlango, anashtuka boda boda ikipiga mlipuko, anapiga mtu kwenye ndoto, hacheki, au anacheka mahali pasipo. Na pombe. Pombe ndiyo dawa anayojiandikia mwenyewe.

Waliotoka Mogadishu nawataja kwa jina la pale, kwa sababu kule tumekaa tangu Machi 2007, jina la misheni ya Umoja wa Afrika limebadilika, AMISOM, ATMIS, sasa AUSSOM, na vijana wanaendelea kwenda na kurudi. Mei 2023 pale kambi ya Buulo Mareer, huko huko Somalia, tulipoteza wenzetu 54 siku moja. Waliozikwa tuliwazika. Wale waliokuwa pale wakarudi hai, wengine siku moja watakaa kwenye benchi kama hili, na mtu atawaambia una bahati. Tafadhali msiwaambie hivyo.

Kazi. Hapa nitapita. Wengi tunaishia sekiuriti, bunduki ile ile, usiku ule ule, mshahara mdogo. Sidharau, miaka ile ya Iraq maelfu ya Waganda walikwenda kulinda kambi za Wamarekani na wengine wakajenga nyumba kabla mishahara haijaanza kushuka. Ninachosema, jeshini umekuwa fundi magari, fundi redio, nesi, mpishi wa watu mia tatu, dereva wa lori, na unatoka huna karatasi hata moja ya raia. Kuna bodi ya serikali ya UVTAB, iliyochukua kazi hiyo mwaka 2025 kutoka ile Directorate of Industrial Training ya Lugogo, wanapima ujuzi wa mtu aliyejifunza kwa mikono wanampa kitabu kinaitwa Worker's PAS. Nenda ukapimwe ungali na mshahara. Mpishi wa watu 300 hawezi kushindwa hoteli ya Wobulenzi.

Hizi pesa za serikali pia zipo, Emyooga ilipoanza 2019 maveterani waliwekwa kama kundi lao wenyewe, na Parish Development Model tangu 2022 inatoa milioni moja kwa kaya kwa riba ya asilimia sita kwa mwaka. Chukueni, ni haki yenu. Ila nimeona vikundi vilivyoundwa Jumatatu ili kuchukua pesa Ijumaa, na Jumatatu ya pili havipo. Sisi tulihesabiana miezi minane kabla hatujaomba hata shilingi. Sanduku letu lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na wawili kati ya hao ni wanawake ambao hawakuwahi kuwa jeshini, wake za wenzetu, na hao ndiyo wakali.

Mwenyekiti wa LC1, nakuomba kitu kidogo. Veterani akihamia kijijini kwako usimkumbuke siku mwizi amekamatwa tu. Mmetuzoesha hivyo, mwizi akishikwa usiku mnatuita sisi kwanza, mnataka tufanye kile ambacho nyinyi mnaogopa kufanya, halafu kesho mnasema hawa watu ni wakatili. Mpe kazi ya asubuhi. Kisima kinahitaji mtu wa kuangalia nani amechota. Shule inahitaji mtu wa kufungua geti. Hata bila pesa miezi ya kwanza, mtu wa aina yetu atakuja, tena atakuja mapema kuliko mwalimu.

Sasa matangazo kabla chai haijapoa. Jumanne kuna mtu wetu anayejua mambo ya karatasi, atakaa hapa hapa kuanzia saa mbili. Wale ambao jina la kwenye karatasi za jeshi na jina la kitambulisho cha taifa haviendani, njooni. Najua wazee wa msituni, mlijipa majina ya vita mkasahau ya mama zenu, na kadogo wengine, wale walioingia jeshini wakiwa watoto, walipewa umri na afande aliyekuwa na haraka. Ofisi moja, siitaji, ilinizungusha miezi mitano kwa sababu ya herufi moja, R na L, mnatujua sisi Waganda na herufi hizo. Leteni karatasi ya kuondoka jeshini, kitambulisho, barua ya LC, cheti cha ubatizo au cha shule kama kipo, na nakala mbili mbili. Hati ya kiapo inalipiwa, njooni na pesa kidogo. Wajane pia njooni, na njooni na mtoto mkubwa anayejua kusoma.

Jambo la mwisho. Tulipoanza nilihesabu tukawa 61, nimehesabu tena wakati naongea hapa tuko 60. Kulikuwa na mzee mmoja pale nyuma karibu na mti, koti la kijani, alikuwa peke yake. Nani alikuja naye? Hakuna? Basi wawili wa upande huu simameni, mmoja aende njia ya soko mwingine aende stendi ya taksi, sisi tunawangoja, chai haitamiminwa.